Bibingobingo iwe makala bila kuua kilima: namna ya kufata viwango hapa kwetu Bukavu

Jambo kwenu wote. Naandika hii juu watu wengi wa hapa Bukavu na pembeni, Kabare, Walungu, Nyangezi, wananiuliza kila siku ile presi ya biriketi (mashine ya kubana unga wa makala ya bibingobingo, yale majani marefu ya tembo) inauzwa wapi na ni bei gani, na mi kila siku nawajibu presi inakuja mwisho, tuanze na shamba kwanza, wanaona kama nawazungusha. Siwazungushi. Sisi tulianza na presi. Tulikuwa watu 12, kila mtu akatoa pesa, fundi akatuchomelea mashine nzuri kabisa ya mkono, tukaipiga foto, tukaiweka mu nyumba, njo tukaanza kutafuta mahali pa kupanda majani. Tukapata kilima Walungu, kwa bwasa (kukodi kwa msimu), tukapanda bibingobingo yetu na furaha yote. Mwezi wa tatu mwenye shamba akafika na ndugu zake wawili, hakupiga kelele hata kidogo, akauliza tu: "Wanangu, haya majani mnayang'oa lini?" Tukajibu hayang'olewi, yanakaa miaka mitano na zaidi, unakata yanaota tena. Akasema basi mnataka kuchukua shamba yangu.

Na alikuwa na haki yule muzee. Bwasa unalipia msimu, unapanda maharagwe ao mahindi, unavuna, unatoka. Kitu chenye mizizi ya miaka ni alama ya mwenye shamba. Tuling'oa wenyewe siku mbili na jembe, na presi ikabaki mu nyumba na kutu.

Miaka ya baadaye nilikuja kusoma vile viwango vya dunia vya nishati ya majani, nikakuta kosa letu limeandikwa pale wazi kabisa, ni kanuni nzima peke yake, haki ya ardhi. Njo nikaelewa hii mambo ya viwango si ya wazungu na kampani kubwa tu, ni maswali ambayo mtu akijiuliza mapema pesa yake haimponyoki.

Viwango gani hasa?

Kwa ufupi tu. Kuna RSB, umoja wa wadau wa nishati ya mimea, ilianza 2007 kule Lausanne, Uswisi, iko na kanuni 12: kufata sheria, kupanga na kufatilia, gesi za hewa ya joto, haki za wafanyakazi, maendeleo ya watu wa kijiji, chakula, viumbe, udongo, maji, hewa, taka na madawa, na ya mwisho ardhi. Kuna ushirikiano wa nchi juu ya nishati ya mimea, GBEP, ambao 2011 ulitoa vipimo 24, 8 vya mazingira, 8 vya maisha ya watu, 8 vya uchumi. Kuna ISO 13065 ya 2015, ya shirika la viwango la dunia, hiyo haikupi sertifika wala haikwambii namba gani inatosha, inakuonyesha tu vitu gani upime. Na kuna sheria ya Ulaya ya 2018 ambayo inawabana wanaouza kule, kwa mfano ilitaka umeme na joto kutoka mimea mu viwanda vilivyoanza 2021 vipunguze gesi kwa 70% ukilinganisha na mafuta ya kawaida, na 2023 wakaikaza zaidi.

We unauza mu soko ya Kadutu ao Nyawera, hakuna mtu atakuomba sertifika, na kuilipia ni pesa mingi. Kitu unahitaji ni kaye moja yenye karatasi ngumu, biki, na watu wa kusema ukweli. Kila hatua hapa chini unaandika mu kaye tarehe, nani alikuwepo, nini mlikubaliana. Hiyo kaye njo sertifika yako.

Hatua ya 1: Shamba ni ya nani, na ni kwa muda gani

Hapa usiende mbio. Sheria ya 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni wa Serikali, lakini mu kijiji unajua mwenyewe vile inaenda, ni desturi. Kwa Bashi, watu wa hivi vilima wanaosema Mashi, kuna kalinzi, ile unayopewa na mwami ao chifu kwa kutoa ng'ombe ao thamani yake, na inabaki kwa familia, watoto wanarithi. Na kuna bwasa, ya msimu, ambayo nimesema. Bibingobingo inaenda kwa kalinzi ao kwa shamba iliyonunuliwa wazi. Ukiwa na bwasa tu, acha, ama ukae na mwenye shamba muandike kitu kingine kabisa.

Tatizo ni kwamba wanaokodi kwa bwasa wengi ni bamama. Mama hana kalinzi, iko kwa jina ya bwana ao ya shemeji. Ukisema "tunachukua wenye kalinzi tu", umeshawatoa bamama wote nje ya proje, na wao njo wanapika, wao njo wanalipa makala. Sisi sasa tunafanya hivi: majani hayapandwi mu shamba ya mama ya bwasa, yanapandwa mu mipaka na kwenye mistari ya kuzuia udongo ya mwenye kalinzi, na mama anaingia kama mkataji mwenye haki ya sehemu ya majani, imeandikwa. Mwenye kalinzi anapata udongo wake unabaki, mama anapata majani, kati ya mistari maharagwe yanaendelea.

Karatasi yenyewe iwe na: majina ya mwenye shamba na ya bibi yake (na bibi asikie, asiambiwe baadaye), majirani wa pande zote nne, chifu wa kijiji, miaka mingapi (chini ya 5 usikubali), nani analipwa nini, na siku kontra inaisha nani anang'oa vishina. Hii ya mwisho watu wanaisahau kabisa. Karatasi isomwe kwa sauti kwa Mashi, haitoshi kwa Kifaransa, mzee asiweke dole mu kitu hajasikia. Na mpe wiki mbili za kuwaza kabla ya kusaini, akikataa umshukuru muachane vizuri.

Tena, mukiambiwa "pale hakuna mtu, ni porini", ulizeni mara mbili. Wabatwa, wenyeji wa msitu tangu zamani, walitolewa ndani ya msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970, na mpaka leo kuna mahali pembeni ya msitu panaonekana patupu na kumbe kuna familia zinakuja pale kuchota dawa, kuokota kuni, kuzika watu wao. Kanuni ya ardhi inahesabu na hao pia, hata kama hawana karatasi.

Hatua ya 2: Mahali pa kutogusa

Sheria ya Ulaya iko na tarehe moja ambayo mi naipenda juu inafanya kazi hata kwetu: Januari 2008. Kama mahali palikuwa msitu wa asili, ama bwawa la udongo wenye maji, ama majani ya asili yenye viumbe vingi mu ule mwezi, hairuhusiwi kupalima leo juu ya nishati, hata kama leo miti imeshakwisha. Wanafanya hivyo ili mtu asikate msitu leo, kesho aseme "mi nilikuta uwanja".

Sasa we utamuulizaje mzee wa kijiji mambo ya Januari 2008? Ni rahisi. Mwulize: "Muzee, siku ya ule mutetemeko, hapa palikuwa nini?" Mutetemeko wa 3 Februari 2008 hakuna mtu wa Bukavu na pembeni hajui alikuwa wapi, ilikuwa siku ya Yenga (Jumapili), watu wengine walikuwa kanisani. Mzee atakwambia pale palikuwa mihogo ya fulani, hapa palikuwa miti, kule chini palikuwa mafunjo. Uliza wazee watatu kila mmoja peke yake. Andika mu kaye.

Mabwawa nasisitiza. Mu Kabare na Walungu bwawa linaonekana zuri sana kwa bibingobingo, linaota kama wazimu pale. Lakini ukikausha bwawa la mafunjo, ule udongo mweusi unaanza kuoza na kutoa gesi iliyokaa ndani miaka mingi, na yote utaokoa kwa kuacha makala inapotea pale pale, tena na maji ya kiangazi ya watu wa chini yanapungua. Usipande ndani, na kwenye mto acha ukingo wa hatua kama kumi hivi na mimea yake ya pale.

Na mbegu. Bibingobingo ni ya Afrika hii hii, haileti shida ya mgeni. Kule Ulaya wanapanda Miscanthus ya mchanganyiko ambayo haizai mbegu, na Marekani wana majani yao ya mbuga, kila mtu na yake. Mtu akikuletea jani jipya na kusema linaota haraka kuliko yote, hilo haraka njo la kuogopa, uliza kwanza linazaa mbegu na linang'oka ao haling'oki.

Hatua ya 3: Ng'ombe kwanza, chungu kwanza

Hapa njo moyo wa kazi, na hapa njo proje nyingi zinaharibika bila mtu kuona. Bibingobingo si jani la bure. Kila kijiti kinachokatwa kilimani kina mwenyewe: ng'ombe, mbuzi, na wale madende (simbilisi) ambao watoto wanafuga chini ya kitanda ili walipe shule. Ukinunua majani ya moto kwa bei nzuri, kijana atakuuzia majani ya ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe atapelekwa wapi? Atapelekwa juu, pembeni ya msitu. Kwa hiyo we umetengeneza biriketi "safi" na msitu umelipa, ila kwa mlango mwingine.

Hesabu inafanyika hivi. Ng'ombe wetu mdogo wa kilo 250 hivi anahitaji chakula kikavu kama kilo 6 hadi 7 kwa siku, na majani mabichi ni maji matupu, karibu robo tatu ao zaidi, kwa hiyo ni karibu kilo 30 za majani mabichi kila siku. Kaa na kila familia, hesabu wanyama, toa kwanza fungu la wanyama la mwaka mzima pamoja na kiangazi, kinachobaki njo chako. Kuna familia hakitabaki kitu. Iandike sifuri, iende hivyo, usimlazimishe mtu.

Uzuri ni kwamba ng'ombe na moto havitaki kitu kimoja. Ng'ombe anataka jani teke, la wiki 6 ao 8, lenye nguvu. Moto unataka shina zee, gumu, kavu. Basi mstari mmoja unaweza kufanya kazi zote mbili: kuanzia mvua ya Septemba mpaka Januari kata kwa ng'ombe, kuanzia Februari acha ipande juu, Juni mwanzoni ukate mashina, yale majani ya juu mabichi umpe ng'ombe, shina liende kwa moto. Na hata kwa moto ni bora hivyo, kwa sababu majani yana majivu mingi kuliko shina.

Chungu pia. Biriketi ya unga wa makala inahitaji gundi na watu wote wanatumia uji wa muhogo, kama kilo 5 za unga kwa kilo 100 za makala. Inaonekana kidogo. Lakini mwezi ambao muhogo umepanda bei, zile kilo 5 ni bugali ya familia. Sisi tunanunua ule unga ulioloana ao kuvunda mu depo ambao hauliki tena, na mu miezi ya njaa tunapunguza gundi tunaongeza udongo wa mfinyanzi kidogo, tukijua majivu yatapanda. Iandike kwenye kaye bei ya muhogo ya kila mwezi, ikipita mahali mlipokubaliana mnabadilisha.

Hatua ya 4: Kupanda kwa mstari wa kilima

Kilima chetu kinashuka na mvua, kila mtu anajua, angalia maji ya mto Ruzizi baada ya mvua kubwa. Majani yaliyopandwa vizuri yanashika udongo, yaliyopandwa kwa mistari ya kushuka yanafungulia maji njia.

Tengeneza fremu ya A: miti miwili ya mita 2 imefungwa juu, mti mmoja katikati wa kulala, kamba na jiwe inaning'inia kutoka juu. Iweke mahali pa sawa, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati, geuza miguu, weka alama tena, katikati ya alama mbili njo usawa. Tembea nayo kilimani, kila jiwe likisimama kwenye usawa unapiga kijiti chini. Ile mistari ya vijiti njo unapanda. Umbali kati ya mistari: ukitaka kila mstari ushuke mita 1 na nusu kuliko wa juu, kwenye kilima cha 30% inakuwa mita 5 kati yao, kwenye kilima kikali zaidi unakaribisha.

Kipande cha kupanda kiwe na vifundo vitatu, viwili ndani ya udongo, kimoja nje, kimelala kidogo. Kata kutoka kwa shina mama lenye afya, ukiona shina limedumaa na majani madogo ya njano usichukue hata moja kwenye lile kundi, kuna ugonjwa wa kudumaza ambao ulishasumbua sana Kenya na Uganda na unasafiri na vipande vya kupandia.

Hatua ya 5: Kurudisha kile ulichotoa

Watu wanasema bibingobingo haihitaji mbolea. Mwaka wa kwanza ndiyo. Chukua mstari wa mita 100 wenye upana wa mita 1. Ukipata mavuno ya tani 20 kavu kwa hektari, ule mstari unakupa kilo 200 kavu kwa mwaka. Kama ndani kuna 1% ya nitrojeni na 2% ya potasi, umebeba kilo 2 za nitrojeni na kilo 4 za potasi kutoka kilima, na kila mwaka unarudia. Mwaka wa nne unaona mashina yanakonda kama vidole.

Majivu yarudi. Yote, mpaka ya mu mbabula (jiko la makala) ya mteja kama inawezekana (sisi tunapunguzia kidogo mama anayerudisha ndoo ya majivu, na bamama wanapenda). Majivu yanarudisha potasi na chokaa, na udongo wa Walungu ulivyo na asidi yanasaidia. Ila nitrojeni imeenda na moshi, majivu hayana. Hiyo utairudisha na samadi ya ng'ombe aliyekula yale majani ya juu, na desmodium ao kalliandra (mimea inayovuta nitrojeni kutoka hewa) kando ya mstari, na yale maua ya njano ya tithonia yanayoota kila barabara, kata uweke chini ya vishina.

Hatua ya 6: Kukata na kukausha

Usikate mistari yote siku moja. Mwaka huu moja unakata moja unaacha, ili mvua ya kwanza ya Septemba isikute kilima uchi. Acha kisiki cha sentimita 10 ao 15.

Shina likikatwa ni maji zaidi ya nusu. Lipasue, litandaze juu ya fito, lisiguse chini. Kiangazi chetu ni Juni mpaka Agosti na hakuna muda mwingine wa kazi hii. Kujua kama imekauka, usinunue mashine. Chukua chupa ya mdomo mkubwa, kavu kabisa, tia majani yaliyokatwa vipande vya vidole viwili mpaka nusu, mwaga kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili. Chumvi ikishikana ao ikiloa ukutani mwa chupa, bado. Ikibaki inacheza kama mchanga, uko chini ya 15% ya maji. Mama mmoja wa Nyangezi njo anafanya hiyo kazi kwetu, anaweka chupa mbele ya jua, anageuza pole pole anaangalia chumvi inavyoteremka, hata kama wote tuna haraka haongei mpaka ameona punje ya mwisho.

Hatua ya 7: Moto, moshi, na majivu

Usichome kwa shimo. Shimo linatoa moshi mzito mweupe na wa njano, na ndani yake kuna metani ambayo kwa miaka mia inapasha hewa joto karibu mara 28 kuliko ile gesi ya kawaida ya kaboni, kwa hiyo unaweza kuharibu hesabu yote pale. Tumia pipa la litre 200 lenye bomba, na moshi wake uurudishe kwenye moto uungue. Pipa linaingiza kilo 10 hadi 15 tu juu majani ni mepesi, unatoka na kilo 3 hivi. Kwa ujumla hesabu kilo 4 ao 5 za kavu kwa kilo 1 ya makala.

Rudi sasa kwa ule mstari wa mita 100: kilo 200 kavu, ni kilo 40 hadi 50 za makala kwa mwaka mzima. Familia inayochoma kilo 2 kwa siku imemaliza kwa wiki tatu na kitu. Namba hiyo muambieni kila mtu kabla hajatoa pesa. Majani hayatafunga msitu peke yake, mtu akikuahidi hivyo hajapima. Lakini kijiji chenye kilomita 10 za mistari ni tani 4 na zaidi ambazo hazikushuka kutoka Kahuzi-Biega, na udongo umebaki juu.

Majivu upime. Kwa pelleti za mimea isiyo miti, ISO inaweka daraja A majivu yasizidi 6% na daraja B 10%. Biriketi ya makala ya majani itapita hapo, juu ukichoma majani yakawa makala majivu yote yanabaki ndani ya kitu kidogo, na udongo wa gundi unaongeza. Kwa hiyo pima usidanganye. Azima mizani ya watu wa dhahabu, hapa Bukavu haikosekani, pima gramu 50 za biriketi iliyosagwa, weka mu kopo juu ya makaa makali mpaka kila kitu kiwe kijivu na chepesi, poesha, pima tena. Ikibaki gramu 10 ni 20%. Andika kwenye mfuko. Mama anayenunua ajue kilo ya biriketi haina moto sawa na kilo ya makala ya mti, na bei ifate hiyo. Na mwambie mlango ufunguliwe, makala bila moshi inaua kimya mu chumba kilichofungwa, ya majani pia.

Hatua ya 8: Mgongo wa nani

Mnawaona bamama wanaopanda kutoka bandarini na mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mzigo mzito kuliko wao wenyewe, kwa franka chache. Nilipoona mstari wetu wa kwanza wa wakataji unashuka kilimani vile vile, nilisikia haya. Tulikuwa tunalipa kwa safari, basi kila mama anajaza mpaka anatetemeka ili apunguze safari. Tulibadilisha: mzigo usipite kilo 25, malipo kwa kilo, mizani inaning'inia mbele ya macho yake, anaandika mwenyewe ao mtoto wake anamuandikia mu kaye, pesa siku ile ile. Mtoto wa shule habebi. Mwenye mimba anakaa kwenye kupasua, bei sawa. Kanuni ya haki za wafanyakazi mu RSB inasema mambo haya kwa maneno marefu, lakini kwetu ni mizani na kamba.

Hatua ya 9: Sasa presi

Sasa unajua kilo ngapi kwa mwaka, baada ya ng'ombe, baada ya mistari ulioiacha. Kama ni tani 2, presi ya mkono ya mti na jeki inatosha. Usichukue ya injini ambayo itakulazimisha kutafuta majani ya kuilisha, hapo mashine njo itaanza kukata kilima badala yako.

Hatua ya 10: Chupa mbili

Kila mvua kubwa ya kwanza, Septemba, nenda na chupa mbili za plastiki. Moja ichote maji yanayoteremka juu ya mstari wa majani, nyingine hatua tano chini ya mstari. Ziandike kwa biki, zisimamishe mu dirisha usiku mzima bila kugusa. Asubuhi pima na rula tope lililokaa chini. Mwaka wetu wa kwanza wa kweli, kwa yule yule muzee wa Walungu ambaye alikubali tena safari hii kwa kalinzi na karatasi, ya juu ilikuwa sentimita 4, ya chini sentimita 1 na kidogo. Alizishika zote mbili kwenye mwanga muda mrefu, akaomba ile ya juu abaki nayo nyumbani, na mi nikaandika namba mu kaye, na tarehe.